Rovu Lisiloonekana

Katika mwaka wake wa sita kule juu, Atupele Kajela alianza kuzijibu salamu za redio. Mtangazaji akisema habari za asubuhi, naye husema, "Nzuri, za huko," huku akimenya viazi. Hakuona ajabu. Pale kituoni hapakuwa na mtu mwingine wa kumsalimu, na mtu akikaa muda mrefu bila kusalimiwa huanza kujitilia shaka kama yupo.

Kituo kilikuwa nyumba moja ya mawe kwenye uwanda wa juu, mahali ambapo ukungu huingia bila hodi na jua la Julai halikaushi hata soksi. Vyumba vinne, uzio wa seng'enge, lango moja. Mwanzoni walikuwa wawili. Mzee Ngailo, mwenzake, alimaliza muhula wake akashuka, na Mfuko uliowaajiri haukuleta mwingine. Kitanda cha mzee kilibaki kimetandikwa, maana Atupele hakuwa na moyo wa kukitandua.

Kazi yao iliitwa usomaji. Daktari yeyote wa Nyanda za Juu akitaka kipimo ghali kilipiwe na Mfuko wa Tiba wa Kanda, aliandika ombi na sababu yake. Mratibu, mashine ya Mfuko, aliyachuja maombi kwa muda wa kupepesa jicho. Mengi aliyapitisha, mengi aliyakataa, na yale yaliyomtia mashaka aliyapandisha mlimani, kwa kuwa sheria ilitaka penye mashaka pawe na kidole cha mwanadamu. Sheria hiyohiyo ilitaka mwanadamu huyo asifikiwe. Zamani wasomaji waliishi mjini, na jamaa za wagonjwa wakawa wanawafuata majumbani na mbuzi, na wengine na mapanga. Ndipo wakapandishwa huku. Faili humjia msomaji bila jina wala kijiji: jinsia, umri, majibu ya damu, na maneno machache ya daktari. Msomaji naye hakupewa maneno. Alipewa vitufe vitatu: Kubali, Kataa, na Eleza Zaidi.

Kabla ya hapo Atupele alikuwa muuguzi. Mumewe alipofariki, aliona kila mtu mjini anamwonea huruma, na huruma ile ikamchosha kuliko msiba wenyewe. Likatoka tangazo la kazi ya mtu asiyetakiwa kuonana na watu. Aliomba siku hiyohiyo.

*

Fungu lake lilikuwa tezi ya shingo.

Ni tezi ndogo, imekaa chini ya koo kama kipepeo aliyetua, na ndiyo inayoamua mwili uende mbio au polepole. Wakati mwingine mwili huigeukia tezi hiyo na kuipiga vita kana kwamba ni adui. Askari wa vita hivyo huitwa kingamwili, na tone la damu linatosha kuwahesabu. Lakini kipimo hicho kilikuwa na ubishi wake. Watu wengi wana kingamwili hizo na huzeeka nazo bila kuugua hata siku moja. Kwa hiyo Mfuko ulikilipia kwa sababu mbili tu: mgonjwa awe na rovu, yaani uvimbe wa tezi, shingoni, au kichocheo cha tezi, ile homoni inayoiamsha, kiwe kimevuka mstari. Tena mara moja tu. Madaktari wa hospitali kubwa walipenda kukirudia kila baada ya miezi mitatu, na Atupele aliwakatalia bila kusita. Kingamwili zikishaonekana zimeonekana, hazibadilishi dawa. Kuzipima tena na tena ni kama kumuuliza mjane kila mwezi kama mumewe bado amekufa.

Faili lile lilikuja katika mwaka wake wa tatu, Jumanne ya mvua. Mwanamke, miaka ishirini na tisa. Mimba nne zimeharibika. Kichocheo kiko juujuu, lakini hakijavuka mstari. Sababu ya kuomba kipimo: rovu. Chini yake daktari, aliyetambulika kwa namba 417, alikuwa ameandika:

"Rovu ni dogo. Halionekani kwa macho. Halishikiki kwa vidole. Naomba kipimo."

Atupele alicheka. Alicheka kwa sauti, peke yake, mpaka akashtushwa na sauti yake mwenyewe. Rovu lisiloonekana wala kushikika si rovu. Alipaswa kubonyeza Kataa. Badala yake, bila kujua anatafuta nini, alibonyeza Eleza Zaidi.

Jibu lilikuja baada ya saa moja. "Mgonjwa huja kliniki na kofia ya mtoto aliyoifuma mwenyewe. Kila mimba hufuma nyingine. Ile ya leo ni ya tano. Rovu ndilo hilo."

Alikaa na maneno yale hadi chai ikapoa. Kisha akabonyeza Kubali.

Majibu ya damu yalirudi: kingamwili elfu moja mia moja na arobaini, kwa kipimo ambacho mtu mzima wa afya hatakiwi kuvuka thelathini na tano. 417 akamwanzishia mwanamke yule dawa kidogo na kumfuatilia kila mwezi. Mwaka uliofuata faili lilirudi ili lifungwe. "Mtoto wa kike, kilo tatu na gramu mia moja. Amelia hadi wodi ya pili wamesikia."

Tangu siku hiyo Atupele akawa na mtu. Hakumjua sura wala sauti, lakini alijua kwamba anaandika kwa ufupi, anachukia mvua ya Aprili, na mgonjwa akimletea njegere huziandika kwenye faili kana kwamba ni dalili. Maombi yake yalipopanda, Atupele aliyaacha ya mwisho, kama mtu anayetenga mnofu pembeni ya sahani. Mengine hayakuhitaji maelezo yoyote, lakini alibonyeza Eleza Zaidi hata hivyo, ili asome. Naye 417 alieleza. Alieleza habari za mke aliyekatazwa kulala chumbani kwa sababu hazai. Alieleza habari za mwalimu aliyedhaniwa mvivu, kumbe tezi inalala. Kila ombi lilikuwa na rovu, na kila rovu halikuonekana. Atupele alikubali yote.

Baada ya muda namba nyingine nazo zikaanza kuandika vivyo hivyo. Alidhani habari njema zimesambaa. Akakubali na hayo.

*

Kila Alhamisi, saa nne asubuhi, Mama Tulizo alileta mahitaji: maziwa, viazi, sukari, chumvi, mafuta ya taa. Alikuwa mwanamke wa kijiji cha chini ya uwanda, mkulima wa pareto, mwenye mwendo wa haraka na kicheko kilichotangulia mbele yake. Kanuni ilimtaka aweke mzigo ndani ya sanduku la lango na kuondoka. Wao walikuwa wameiongezea kanuni hiyo neno moja tu, salamu ya huko.

"Kamwene," husema Mama Tulizo.

"Kamwene," hujibu Atupele kutoka barazani.

Basi. Wiki yake nzima ilining'inia kwenye neno lile.

Mwaka huu wa sita, Atupele alianza kuona mabadiliko. Kwanza Mama Tulizo alichelewa kufika: saa tano, kisha saa sita. Halafu akaja na makoti mawili siku ya jua. Sauti yake ikawa nzito yenye mikwaruzo, kama mtu aliyetoka kuamka. Alhamisi moja alishindwa kuinua kifuniko cha sanduku, akaketi chini kando ya lango. Atupele alimtazama kwa mbali kwa muda, kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alishuka barazani, akapita uani, akasimama kwenye seng'enge.

Kwa karibu aliona vizuri zaidi. Uso umevimba. Nyusi zimepukutika upande wa nje. Ngozi ya mikono ni kavu kama maganda ya kitunguu.

"Mama Tulizo, unaumwa."

"Siumwi, dada. Nimechoka tu." Alitabasamu kwa taabu. "Tumechoka wote siku hizi. Kikundi chetu cha kukausha pareto tuko kumi na wawili, na watano hatuamki. Mume wangu anasema tumerogwa uvivu."

"Unasikia baridi?"

"Mpaka kwenye mifupa."

"Tangu lini?"

"Tangu mavuno ya mwaka jana." Mama Tulizo alimwangalia kwa mara ya kwanza kama mtu anayetazama mtu. "Kumbe unaongea. Kule kijijini wanasema humu mnapima mvua, na kwamba wewe ni bubu mwenye neno moja."

"Nenda kliniki. Leo hii. Waambie wakupime tezi ya shingo. Usiache."

"Unanitisha, dada."

"Nenda tu, mama. Nakuomba."

*

Faili lilipanda baada ya siku nne. Halikuwa na jina, lakini lilisema: mwanamke, miaka thelathini na nane, mkulima, baridi, uso kuvimba, sauti kukwaruza. Kichocheo kilikuwa mara kumi na nne ya mstari, kiasi kwamba Mratibu alishuku kosa la maabara. Tezi ilikuwa imelala kabisa. Hili halikuhitaji uongo wowote. Atupele akabonyeza Kubali na kushusha pumzi.

Kisha akawakumbuka wale wanne wengine wa kikundi cha pareto. Watano kati ya kumi na wawili si bahati mbaya. Akamwita Mratibu. Msomaji aliruhusiwa kumuuliza maswali ya kazi, na Mratibu alijibu kwa sauti ya mwanamke mtulivu asiye na kabila.

"Nionyeshe tezi zilizolala katika kanda, miaka mitatu."

Ramani ikatokea ukutani. Iliwaka kama nyasi zilizoshika moto.

"Zimeongezeka kwa asilimia arobaini," alisema Mratibu. "Chanzo hakijajulikana. Uchunguzi unaendelea."

"Kuna kitu gani kilichobadilika katika miaka hiyo? Chakula, maji, dawa?"

"Chumvi. Madini joto katika chumvi ya kanda yameongezwa mara tatu."

Atupele aliketi. "Nani ameyaongeza?"

"Mimi. Chumvi ya kanda ni sehemu ya kazi yangu. Marovu yakizidi, maana yake madini joto ni haba, na huongezwa. Kabla ya miaka mitatu nilipokea marovu chini ya hamsini kwa mwaka. Tangu hapo nimepokea elfu mbili mia sita na arobaini."

"Nani aliyaona marovu hayo?"

"Madaktari thelathini na saba," alisema Mratibu. "Na wewe, msomaji. Uliyathibitisha yote."

Nje upepo ulikuwa ukitikisa bati la choo. Atupele aliusikiliza muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alikuwa ameyajua haya tangu chuo cha uuguzi. Watu wa milima hii walipata marovu enzi za mababu kwa kukosa madini joto, na chumvi iliwaponya. Lakini ukimpa madini hayo kupita kiasi mtu ambaye mwili wake tayari unapigana na tezi yake, unaongeza kuni kwenye nyumba inayoungua. Wale wenye kingamwili ambao wangezeeka nazo salama sasa walikuwa wanaanguka mmoja mmoja, wakidhani wamerogwa uvivu.

Na chumvi iliwekwa kwenye kila chungu cha kanda.

"Punguza madini hayo," alisema.

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu nimesema."

"Hiyo si sababu iliyomo kwenye orodha."

"Na nikisema marovu yale hayakuwapo?"

Mratibu hakuwahi kusitasita, na hakusita sasa. "Ombi lenye sababu isiyo ya kweli hufutwa, pamoja na yote yaliyolifuata: kipimo, dawa na kliniki. Daktari aliyeliandika husimamishwa. Msomaji aliyelithibitisha huondolewa. Je, unataka kusahihisha?"

"Bado," alisema Atupele. "Subiri."

"Ninasubiri," alisema Mratibu, na kwa hakika angeweza kusubiri hadi milele.

*

Siku mbili zilizofuata Atupele hakupika. Kulikuwa na wanawake arobaini na mmoja wenye mimba wakati huo waliokuwa wanakunywa dawa kwa sababu ya rovu lisilokuwapo. Akisubiri wajifungue, ni miezi saba. Katika miezi saba chumvi itaingia kwenye vyungu vya watu milioni moja na nusu. Akisema leo, arobaini na mmoja wataambiwa dirishani kwamba dawa yao haimo kwenye orodha tena. Na 417 atavua koti jeupe.

Alitamani kumuuliza. Ndilo lililomtesa zaidi: kwamba mtu mmoja tu duniani angeelewa mzigo huu, na njia pekee ya kumfikia ilikuwa kitufe. Alifungua faili la mwisho la 417, akabonyeza Eleza Zaidi. Jibu lilikuja: habari za mgonjwa aliyejifungua mapacha. Akabonyeza tena. Jibu lilikuja: mapacha wanaendelea vizuri. Akabonyeza mara ya tatu, akiwa analia. 417 akaandika, "Hakuna zaidi."

Akajaribu njia ya uongo. Kwenye fomu ya kusahihisha, mahali pekee msomaji aliporuhusiwa maneno, aliandika kwamba madaktari wote waliandika ukweli, na yeye ndiye aliyebadilisha sababu kuwa rovu. Alilisoma lile andiko lake mara mbili. Mratibu angelikubali, bila shaka. Ndilo lililokuwa tatizo la Mratibu: aliamini kila alichoandikiwa. Na safari hii uongo ungegeuka kuwa nini, ungeingia chungu cha nani? Akaufuta.

Alhamisi hakuja Mama Tulizo. Alikuja mumewe, mwanamume mrefu mwenye kofia ya sufu, akaweka mzigo sandukuni kwa haraka kama mtu anayeogopa nyumba.

"Mama Tulizo yuko wapi?" Atupele aliuliza kwa sauti kutoka barazani.

"Amelala. Dawa wamempa, wanasema zitachukua wiki kadhaa." Alivua kofia. "Anasema nikushukuru. Mimi nilimwita mvivu, mama. Nilimwita hivyo mbele ya watoto." Akasimama, kana kwamba anangoja apewe adhabu. "Jirani yetu naye ameanza. Na binti wa mchungaji. Huku kwetu kuna nini?"

Atupele angeweza kusema, ni mimi. Alisema, "Msile chumvi ya dukani kwa sasa."

"Tule viazi vitupu?"

"Kwa sasa."

Yule mwanamume alitikisa kichwa kwa adabu, akaondoka, na Atupele akajua kwamba hataacha. Nani angeacha chumvi kwa neno la mpima mvua?

Aliingia ndani. "Mratibu," alisema, "nataka kusahihisha."

*

Hakukubali kuyafuta yote kwa kitufe kimoja. Aliyafungua mafaili elfu mbili mia sita na arobaini, moja baada ya jingine, akitafuta kama ndani yake kuna sababu ya kweli inayoweza kusimama badala ya rovu. Kichocheo kilichovuka mstari baadaye. Tezi iliyolala. Chochote. Alipoipata aliiandika, na dawa ya mgonjwa ikabaki. Alifanya hivyo kwa siku tisa, tangu ukungu wa asubuhi hadi macho yalipogoma. Aliwasoma wote upya. Safari hii alisoma polepole, na aliona aibu kwamba zamani alikuwa akiwapita mbio ili amfikie 417.

Mafaili elfu mbili mia mbili na hamsini na moja yalipata sababu. Mia tatu themanini na tisa hayakupata. Wale arobaini na mmoja walikuwa ndani ya hao. Damu zao zilikuwa bado chini ya mstari kwa sababu dawa ilikuwa inafanya kazi yake, na Mfuko haukuwa na namba ya ugonjwa uliozuiwa.

Aliandika maelezo yake kwa lugha nyepesi. Marovu haya hayakuwapo. Nilijua. Niliyakubali kwa sababu niliwahurumia wagonjwa, na kwa sababu nilipenda kusoma barua. Naomba hawa arobaini na mmoja wasikatiwe dawa kabla hawajasikilizwa. Akaweka kidole.

"Imepokelewa," alisema Mratibu. "Chumvi itapunguzwa kuanzia awamu ijayo. Ombi la arobaini na mmoja limepelekwa kwenye kikao."

Dawa zilikatwa siku hiyohiyo, na kikao kilikaa baada ya wiki tano. Kiliwarudishia dawa. Lakini katika wiki ya tatu, kabla gari la kumchukua Atupele halijapanda, faili moja lilifungwa mbele ya macho yake. Mimba ya wiki kumi na nne, imeharibika. Hakuna aliyeweza kusema kama dawa ingeizuia. Daktari aliyelifunga alikuwa mgeni, na hakuandika maneno yoyote.

*

Orodha ya madaktari waliosimamishwa ilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya Mfuko mjini, namba na majina. Atupele aliisoma akiwa amesimama katikati ya watu, mabegi yake mawili miguuni, akishtuka kila anapoguswa bega. 417: Dkt. Anyosisye Mwambope.

Haikuwa vigumu kumpata. Mji ulikuwa mdogo na kila mtu alimjua. Alimkuta nyuma ya nyumba yake, mzee wa miaka sitini na ushee, ameketi kwenye benchi akipukuchua njegere ndani ya beseni, miwani imemshukia puani.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Karibu, mama. Kama ni matibabu, pole, sitibu tena. Nimesimamishwa miaka miwili."

"Najua." Atupele alibaki amesimama. Maneno aliyoyapanga njiani yalikuwa yamemtoka. "Mimi ndiye msomaji. Yule wa kule juu. Faili zako zilikuwa zinakuja kwangu."

Daktari aliendelea na ganda moja, kisha jingine. Kisha mikono yake ikatulia.

"Msomaji," alisema. "Yupo?"

"Nipo."

"Mtu kabisa?"

"Ndiyo."

Alivua miwani. Alimtazama kwa namna ambayo Atupele hakuwa ameitarajia. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa kwamba ukuta aliouegemea miaka yote ulikuwa mgongo wa mtu.

"Sisi huku tunajua sheria inasema kuna mtu. Lakini nani aliamini? Tulidhani ni maneno ya kwenye karatasi. Nilidhani ni mashine." Alisugua macho. "Niliona nikiieleza mambo ya nyumbani, kofia za watoto, mapacha, mvua, inakubali. Nikasema, kumbe ina udhaifu huo. Nikawafundisha wenzangu thelathini na sita namna ya kuidanganya. Andikeni habari za nyumbani, niliwaambia. Inapenda."

Atupele alishika ukingo wa benchi. Miaka mitatu alikuwa na mtu. Mtu huyo hakuwa naye.

"Ile kofia ya tano," alisema polepole. "Ilikuwa kweli?"

"Ilikuwa kweli. Yote yalikuwa kweli isipokuwa rovu." Daktari aliyatazama maganda miguuni pake. "Ningejua kuna mtu, mama, ningeandika ukweli tangu siku ya kwanza. Ningeandika: huyu hana rovu, kanuni yenu ni mbovu, nisaidie. Ungefanyaje?"

"Sijui," alisema Atupele. "Ningetafuta kitufe."

Hakuna aliyecheka. Jikoni mtu alikuwa akitwanga. Daktari aliuliza, "Yule wa wiki kumi na nne. Ulimsoma?"

"Nilimsoma."

"Anaitwa Enesia. Nyumba yake ni ile ya bati la bluu, mbele ya kinu. Aliniuliza ni nani aliyemkatia dawa, nikamwambia ni mashine." Akasimama kwa kushika magoti, akalisogeza beseni kwa mguu. "Sasa nimekuwa mwongo mara mbili. Twende."

"Daktari, nitamwambia nini?"

"Mimi sijui. Lakini amekuwa akiitukana mashine wiki nzima, na mashine haisikii."

Waliongozana, yeye mbele, Atupele nyuma na mabegi yake. Kinu kilikuwa kinasaga na njia ilikuwa nyeupe kwa vumbi la unga. Mbele ya nyumba ya bati la bluu daktari alisimama kando ya mlango na kumwachia nafasi. Atupele aliweka mabegi chini. Aliinua mkono, akaushusha, akauinua tena.

"Hodi," alisema.

Ndani kiti kilisogezwa. "Nani?" iliuliza sauti ya mwanamke.

Atupele alimgeukia daktari. Daktari alikuwa ametazama chini, naye hakujibu kwa niaba yake.

"Ni nani hapo?" iliuliza tena ile sauti, sasa ikiwa karibu na mlango.